Inama Uulishe Udongo

Ndugu zangu wa Kongwa na Mpwapwa, wa Bahi na Chamwino, nanyi nyote mnaolima kwa mvua moja tu ya mwaka: jua la Oktoba liko utosini, na vumbi linaingia ndani bila kubisha hodi. Mvua bado iko mbali kwa wiki kadhaa. Ninawaandikia sasa kwa sababu tone la kwanza likishaanguka hakuna atakayekuwa na nafasi ya kusikia mahubiri. Kila mtu atakuwa ameshika jembe, na aliyekosea ataendelea kukosea mpaka Aprili.

Neno la leo liko katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mtu alikuwa na mtini. Miaka mitatu mfululizo alikuja kutafuta tunda asilipate, akatoa amri ukatwe. Mtunza shamba akaombea ule mti mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuuchimbia pembeni na kuuwekea mbolea.

Nimelisikia fungu hili likihubiriwa tangu utoto wangu, na karibu kila mhubiri hukimbilia kwenye toba na kulipita lile neno la samadi kama mtu anayepita penye harufu. Leo nawaomba tusimame hapo hapo penye harufu. Tazameni: mwenye mti alikuja mara tatu, na mara zote tatu alikuja kudai. Hatusikii kwamba alibeba hata kikapu. Mtunza shamba hakuukemea mti wala hakuulaumu. Aliomba muda, na akajua muda ule ataufanyia nini: jembe na mbolea.

Mwenye mti ni mimi na wewe. Tunakwenda shambani Desemba na mbegu mkononi, tunarudi Aprili na gunia begani, na katikati hatukuupa udongo kitu. Mabua tumeyachoma moto. Majani ya karanga tumewaachia mbuzi. Zizini kinyesi cha ng'ombe kimepanda mpaka lango halifunguki, na hatua mia moja kutoka hapo kuna shamba jeupe lenye njaa. Halafu tunakaa barazani na kusema, mwaka huu mvua haikutosha. Ni kweli, mvua zetu ni chache. Lakini mvua chache ikianguka juu ya udongo uliolishwa huhifadhiwa, na ikianguka juu ya udongo uliochoshwa hukimbilia korongoni na kuondoka na kidogo kilichobaki.

Wakristo tunatoa fungu la kumi. Majirani zetu Waislamu hutoa zaka ya mazao. Udongo uliotutolea yote haya, tunautolea nini?

Sisemi haya nikiwa nimesimama juu ya mlima. Mwaka wa kwanza nilipolima bustani nyuma ya nyumba, mraba wa mita 10 kwa 10, nilisikia kwamba mbolea ni nzuri nikadhani kila mbolea ni nzuri kwa kila mmea. Nikachota samadi mbichi zizini, nikaimwaga, na wiki ile ile nikapanda karanga juu yake. Zikaota kwa nguvu. Zikajaa majani ya kijani kibichi, na watu wakitoka ibadani walipita kuzitazama na kunipongeza. Siku ya kung'oa nikamwita bibi jirani, mama aliyelima karanga tangu usichana wake. Aling'oa shina la kwanza, akachukua maganda machache yaliyokuwepo, akayaminya moja moja kati ya vidole. Yakapasuka, yakatoa hewa. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Baba Mchungaji, umelisha majani."

Sentensi ile ilinifundisha zaidi ya vitabu vyangu. Kulisha kuna namna yake. Upendo usiomjua anayependwa unaweza kumvimbisha na kumwacha mtupu ndani.

Basi sikilizeni habari ya karanga, maana ndani yake kuna mahubiri nisiyoyatunga mimi. Mwezi mmoja hivi baada ya kupandwa, mche hutoa maua madogo ya njano. Mimea mingi ua likishachavushwa hubaki juu na kuonyesha tunda lake kwa kila mpita njia. Ua la karanga hunyauka, na kutoka pale lilipokuwa hutokea kikonyo chembamba kama sindano kinachoinama, kinashuka, kinachoma udongo. Huko gizani, sentimita chache chini, ndipo ganda linapoumbwa na punje inapojaa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Karanga yenyewe huinama kwanza, kabla ya mkulima.

Na lile ganda likiwa chini lina njaa yake. Mizizi haiwezi kuliletea chokaa ya kutosha. Ganda hujinyonyea lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Chokaa hiyo, ambayo wataalamu huiita kalsiamu, ikikosekana pale juu juu, ganda hubaki limejaa hewa. Ndiyo niliyoikosa mimi. Dawa yake ni jasi, madini yenye chokaa hiyo. Nchi yetu inayo: iko Itigi kule Singida, iko Makanya katika wilaya ya Same, iko Kilwa. Kwa mraba wa mita 10 kwa 10 zinatosha kilo 2 hadi 4, zinazonyunyizwa juu ya mstari pale maua yanapoanza, ili zikutane na sindano zikiwa zinashuka. Majivu ya jikoni ni mazuri kwa mboga, lakini usiyarundike kwenye mstari wa karanga: yana potasi nyingi, nayo ikizidi pale hushindana na ile chokaa mbele ya mlango wa ganda.

Na naitrojeni, ile inayofanya majani yawe kijani? Hapa ndipo Muumba alipoificha rehema yake. Juma la sita, ng'oa shina moja kwa upole, ukung'ute udongo. Utaona kwenye mizizi vinundu vidogo kama punje za ulezi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kama nyama yenye damu, jua kwamba kazi inaendelea: vijidudu wanaoishi humo wanachukua naitrojeni ya hewa na kuupa mche. Karanga yenye vinundu hai haihitaji umwagiwe urea wala samadi mbichi. Ukiimwagia, utapata nilichopata. Samadi ya karanga iwekwe msimu uliotangulia, kwa zao lililotangulia, karanga ije kula makombo yaliyoiva.

Sasa wageni wenye njaa: mchicha, majani ya maboga, bamia, bilinganya, nyanya chungu, nyanya. Hawa hawana vinundu. Wao ndio wa kuandaliwa meza. Nenda zizini leo, usichote ya juu. Chimba mpaka chini kabisa, pale samadi ilipogeuka nyeusi, inamomonyoka mkononi na harufu imekwisha. Hiyo ndiyo iliyoiva. Debe moja lililojaa litoshe tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, uchanganye na udongo wa juu wiki mbili kabla ya kupanda. Ile mbichi iliyobaki usiiache ipigwe jua mpaka nguvu yake iruke. Irundike kivulini, ifunike kwa majani.

Na anzeni mboji wiki hii. Tabaka la mabua na majani makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, udongo kiganja kimoja, majivu kidogo, maji ya kulowesha bila kufurika. Maji uliyooshea mboga yanatosha kuanzia. Panda ngazi hivyo mpaka kiunoni, kisha chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike: kikiwa cha moto na chenye unyevu, lundo linafanya kazi, kikiwa kikavu, lina kiu, kikiwa baridi na chenye uvundo, limelewa maji, lipindue. Kila wiki tatu pindua. Kwenye miezi mitatu hivi utakuwa na chakula cheusi cha udongo, na wala hukutoa shilingi. Aliye na pipa la lita 200 atumbukize humo gunia la samadi lililofungwa mdomo, alikoroge kila siku kwa wiki mbili, kisha azimue kwa maji mpaka rangi iwe kama chai nyepesi, anyweshe mchicha na bilinganya chini, kwenye shina, asimwagie jani linaloliwa.

Sihubiri dhidi ya mfuko wa dukani. Mfuko wa DAP una asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfati, na urea ina asilimia 46 ya naitrojeni; ni nguvu halisi, tuiheshimu. Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, wanachimba fosfati iliyotokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale, nayo hufaa hasa penye udongo wenye uchachu. Viumbe wale walikufa kabla babu zetu hawajazaliwa, na bado wanalisha mashamba yetu. Ninachokikemea ni kumwaga urea juu ya udongo mtupu, mchana wa jua, ukaenda zako. Sehemu kubwa inaweza kuruka hewani, nyingine inasombwa na mvua. Ukiiweka, iweke mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu, uifukie. Na udongo ule uwe na mboji ya kuishika. Mbolea ya dukani bila mboji ni maji ndani ya pakacha.

Ndugu zangu, sisi watu wa Kongwa tuna ushahidi ambao dunia nzima iliusoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja kwenye vichaka vyetu na mradi wa karanga. Ilipanga ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika na nchi za jirani, ili wananchi wake waliotoka vitani wapate mafuta ya kupikia. Walileta matingatinga, na hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Mibuyu iliwashinda. Miiba iliwashinda. Udongo, ambao masika yakipita hukauka ukawa kama tofali, ulizifungia karanga ndani hata zile zilizozaa zikawa kazi kuzitoa. Mvua zikafanya zinavyofanya siku zote huku kwetu Ugogo: mwaka huu hushibisha, mwaka ujao hunyima. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuisha, na hasara ikahesabiwa kwa pauni milioni 36 na zaidi.

Siwacheki wale watu. Wengi walifanya kazi kwa bidii na kwa nia njema. Lakini walikuja kama yule mwenye mtini, wamejua wanataka nini na hawajauliza udongo unataka nini. Wazee wa hapa, waliolelewa kwa simulizi za ile njaa kuu iliyoitwa Mtunya, walijua ardhi hii inavyonuna na inavyocheka. Na mimi nawauliza ninyi wajukuu wao: yale ambayo pauni milioni 36 hazikuyanunua, ninyi mlipewa bure. Mbona mnayaacha yafe?

Wakati huo kulikuwa kumeshapita ushahidi mwingine, upande wa pili wa bahari. George Washington Carver alizaliwa utumwani Marekani. Mwaka 1896 alifika Tuskegee, Alabama, kufundisha kilimo, akakuta pamba imeinyonya ardhi na wakulima Weusi wamebaki na madeni. Hakuwaambia wanunue wasichoweza kukinunua. Aliwaambia wakusanye majani ya msituni na tope la mabwawa, wayageuze mboji. Wapumzishe pamba kwa kunde, viazi vitamu na karanga. Mwaka 1906 chuo chake kilianza kupeleka mafunzo vijijini kwa gari la kukokotwa na wanyama, yawafikie waliokuwa hawawezi kuja darasani. Alikuwa mtu wa sala, aliyetoka alfajiri kwenda porini kumsikiliza Muumba kwenye mimea. Mtu mmoja mwenye kikapu aliwaachia maskini kitu ambacho vifaru vilivyogeuzwa matrekta havikutuachia sisi.

Torati iliamuru ardhi ipumzike kila mwaka wa saba. Wengi wetu tuna ekari moja au robo yake, tukiipumzisha nzima watoto watalala njaa. Basi tuipumzishe kwa zamu. Gawa bustani yako mafungu matatu. Fungu la kwanza karanga. La pili mboga za majani. La tatu bilinganya, nyanya na nyanya chungu. Mwaka unaofuata mboga za majani zihamie pale karanga zilipoacha mizizi na vinundu vyake. Ukivuna karanga, yarudishe majani yake shambani au yapitie tumboni mwa mbuzi wako na samadi irudi, yasichomwe. Na mkumbuke kwamba nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili ni ukoo mmoja, wanaugua ugonjwa mmoja. Kumpanda mmoja pale alipokufa ndugu yake ni kumlaza mtoto kwenye kitanda cha mgonjwa.

Na kwa kuwa mvua yetu ni chache, tuitegee. Kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, kimelipa jina lile shimo dogo linalochimbwa wakati wa kiangazi, kina cha kama sentimita 30, likawekewa samadi na masalia chini, likasubiri. Mvua ya kwanza ikija, maji yanakaa penye chakula. Huu ndio mwezi wa kuchimba mashimo hayo. Mtu mmoja, mashimo ishirini kwa siku, kabla jua halijawaka.

Mbegu nazo zisiokotwe tu. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walitupa aina ya Pendo, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100, ikawahi kabla mvua haijatukimbia. Menya kwa mkono, usipasue ngozi ya punje. Mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo 10, kina sentimita 5, punje moja. Palilia mapema; sindano zikishaanza kushuka, jembe likae pembeni na magugu yang'olewe kwa vidole. Anayelima juu ya sindano anakata kitovu cha mtoto aliye tumboni.

Sasa nafika mahali ambapo sauti yangu inatetemeka. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilizika watu kwa sababu ya sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula chao. Ukungu unaoitoa sumu hiyo unaishi udongoni. Huingia kwenye ganda lililopasuka, kwenye karanga iliyopigwa na kiu siku za mwisho, kwenye lundo lililofunikwa likiwa bado bichi, na kupika hakutoshi kuiondoa sumu yake. Kwa hiyo kulilisha ganda chokaa ni kulijengea pia ukuta. Vuna kwa wakati: pasua maganda kadhaa, ukiona mengi yamekuwa ya kahawia ndani, ng'oa. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, mpaka ukitikisa ganda punje zilie. Na mama zangu, nawasihi: msinyunyizie maji maganda ili yamenyeke upesi. Mnaokoa vidole, mnaualika ukungu.

Kuna dhambi moja tumeizoea mpaka haitusumbui. Tunachambua karanga, nzuri zinakwenda sokoni, na zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, tunazisaga na kuzitia kwenye mlenda na kwenye uji wa mtoto. Punje ya karanga karibu nusu yake ni mafuta na kama robo yake ni protini. Ni chakula ambacho mtoto wa Ugogo anakihitaji kuliko mnunuzi yeyote wa mnadani. Tunamuuzia mgeni mwili na kumpa mwanetu kaburi lake kwenye kijiko. Komeni, ndugu zangu. Mbovu zifukiwe. Nzuri zianzie nyumbani. Anayejifunza kulisha udongo na akashindwa kumlisha mwanawe, amejifunza nini?

Basi kila nyumba ifanye haya kabla Jumapili ijayo haijafika. Lango la zizi lifunguliwe. Lundo moja la mboji lisimame kivulini. Mraba mmoja nyuma ya nyumba upimwe kwa hatua na kuwekewa vijiti. Kiberiti kisiguse bua lolote. Wajane na wazee wasio na ng'ombe wapelekewe samadi na vijana wa usharika, kwa mkokoteni, bila malipo, kwa maana kuna mazizi yaliyofurika na bustani zenye njaa katika kitongoji kimoja, na hatuwezi kula Meza ya Bwana pamoja huku hali hiyo ikiendelea.

Yule mtunza shamba aliomba mwaka mmoja. Injili haituambii kama mti ulizaa. Zamani jambo hilo lilinisumbua. Nilitaka kujua mwisho. Sasa nadhani hadithi ilikatwa pale makusudi, mtu akiwa ameshika jembe na mbolea mkononi, ili kila anayeisikia aone zamu imemfikia. Mwaka huo mmoja ndio huu unaoanza. Mwezi ujao mtaona wingu upande wa mashariki. Baadaye yatakuja maua ya njano, nayo yatainama bila kuambiwa na mtu. Yasitukute tumesimama wima, mikono mitupu.

Amina.